Kingo za mashimo ya ekzosi ubavuni mwa gari la kujitengenezea: nizimalizeje?

mwalimu_mwembeni, Morogoro

Habari zenu mafundi. Nina jambo limenisimamisha wiki ya tatu sasa, na sitaki kuendelea kubahatisha, kwa sababu kila nikibahatisha naharibu bati nililolipata kwa shida.

Chini ya mwembe wa nyumbani nina gari la watu 2, la wazi, ninalolijenga tangu 2021. Chesisi nimeichomelea mwenyewe kwa mabomba ya pembe nne. Injini ni ya Toyota, silinda 4, ilitoka kwenye pikapu iliyopinduka. Bodi ni mchanganyiko: boneti na mbavu zake ni alumini ya milimita 1.5, madigadi ni faiba niliyoimwaga mwenyewe likizo mbili mfululizo.

Najua wengi mtaniambia niyashushe mabomba ya moshi, yapite uvunguni kama kwenye magari yote, nimalize kazi. Sitaki. Nikiwa darasa la 6 niliona kitabuni picha ya Mercedes-Benz SSK ya mwaka 1928. Mabomba yake mazito yalikuwa yanatoka ubavuni mwa boneti, mbele ya macho ya kila mtu, halafu yanazama chini. Miaka mingi baadaye nikaona Cord 812 ya Marekani ya mwaka 1937, ile yenye supachaja, nayo mabomba yake yako nje vilevile. Umbo lile nimelibeba kichwani miaka zaidi ya 30. Gari likikamilika bila mabomba yale litakuwa gari la mtu mwingine.

Mpangilio wangu uko hivi. Mabomba 4 ya milimita 38 yanatoka kwenye kichwa cha injini, yanapenya ubavu wa alumini upande wa kushoto, yanaungana huko nje kuwa bomba moja la milimita 51. Bomba hilo linapenya mgongo wa madigadi ya mbele kwa mshazari, linakwenda kwenye sailensa iliyo chini ya ubao wa kukanyagia. Kwa hiyo nina mashimo 5: manne kwenye alumini, moja kwenye faiba.

Yale manne niliyatoboa kwa msumeno wa duara wa milimita 44. Injini ikiwa imezimwa yalipendeza mno, bomba katikati na mwanya wa milimita 3 kuzunguka. Nikawasha. Ikinguruma taratibu hakukuwa na neno. Nilipokanyaga mafuta kwa ghafla mabomba yakagonga kingo kama nyundo, na alumini ikakunjika kwenye shimo la pili na la tatu. Nikayapanua kwa tupa mpaka 52. Yakaacha kugonga sana, ila sasa kingo zina meno na ni kali, binti yangu alichanika kidole akifuta vumbi. Nikazivalisha ule mpira wa ukingo wa mlango, wenye chuma ndani unaojishikilia wenyewe kwenye bati. Haukumaliza dakika 10. Ulilainika, ukadondokea bomba, ukatoa moshi mweusi, na rangi ikaumuka mapovu kuzunguka shimo la kwanza.

Shimo la faiba ndilo linaloniumiza zaidi. Ukingo wake umegeuka rangi ya chai, na unanuka hata gari likiwa limepoa.

Ndugu mmoja alinishauri ninunue pete za stenlesi za tundu la sinki la jikoni nizibandike. Nimenunua 4. Zinang'aa, lakini kila nikizishikiza pale naona kitu kilichobandikwa kuficha kosa. Mimi nataka shimo lionekane limezaliwa pamoja na bati lile. Mnamalizaje ukingo wa namna hii mahali penye moto na mtikisiko? Na ubavu utatokaje siku ya kurekebisha injini, ikiwa mabomba 4 yameupenya kama misumari?

fundi_bati_gerezani, Dar es Salaam

Mwalimu, salamu nyingi. Nimefurahi umeandika kwa vipimo.

Mimi ni fundi bati Gerezani, mwaka wa 31 huu, na baba yangu alikuwa hapohapo kabla yangu. Kazi yetu ni makarai, masanduku ya safari, majiko, mifereji ya mvua. Gari zima sijawahi kutengeneza. Lakini ukingo naujua, na shida yako ni ukingo.

Chukua karai lolote la hapo nyumbani, pitisha kidole mdomoni mwake. Bati la karai ni jembamba kuliko alumini yako, lakini mdomo wake unaushika ni mnene, wa duara, haukati. Ndani ya mdomo ule kuna waya, bati limekunjwa kuuzunguka. Jicho likikutana na mdomo mnene linaamini chombo chote ni kizito. Shimo lako umelikata ukaliacha, ukingo unatangaza unene wa bati lenyewe, na gari lote linaonekana la bati hata kama ndani umeweka chuma cha daraja. Pete ya sinki hailiondoi hilo. Umeona sawasawa, usizitumie.

Ila kabla ya ukingo, nafasi. Injini iliyolala kwa urefu wa gari ukiikanyagia mafuta hujipindua ubavu, kama mtu anayegeuka kitandani. Mabomba yako yako pembeni mwa kichwa cha injini, kwa hiyo yatapanda na kushuka kuliko yatakavyokwenda mbele na nyuma. Shimo la duara halikufai hata ulipanue vipi. Usikisie kipimo. Toa ubavu wa alumini, kata ubavu wa bandia wa karatasi ngumu ya boksi, ufunge palepale, matundu yake yabane mabomba kabisa. Injini ikiwa baridi kabisa, washa, kanyaga mara 3 kwa nguvu, zima. Isizidi nusu dakika, na ndoo ya maji iwe karibu. Mabomba yenyewe yatakula boksi na kukuchorea mashimo yanayotaka. Utapata mayai yaliyosimama. Kila yai liongezee milimita 10 kuzunguka, hicho ndicho kipimo cha shimo.

Sasa mdomo. Tuseme shimo la mwisho ni yai la upana 58 na urefu 70. Kwenye bati jipya unakata yai dogo zaidi, 46 kwa 58, ili zile milimita 6 za kila upande uzikunje kwenda ndani. Hapo ndipo karai na gari vinapoachana, nakuomba unisikilize. Mdomo wa nje wa chombo unakunjwa tu. Mdomo wa shimo unavutwa: mzingo wa yai lako dogo unatakiwa urefuke karibu robo ili ufikie lile kubwa. Alumini ngumu ya dukani haitakubali, itapasuka. Kuuzungushia waya mzima kama wa karai ndiyo usijaribu kabisa.

Tafuta vipande viwili vya mninga, unene wa inchi moja. Kwenye kimoja kata yai la 58 kwa 70, mdomo wake uuviringe kwa tupa na msasa mpaka uwe na mviringo wa kama milimita 5. Huo mviringo ndio utakaoonekana kwenye gari, kwa hiyo ufanye taratibu, usiwe na bonde. Kipande cha pili kiwe na tundu kubwa la kukupa nafasi ya kugonga. Bati likae katikati, ubane kwa jiliwa au bolti 4.

Kabla ya kugonga, lainisha. Alumini haibadiliki rangi ikipata moto, inakaa vilevile mpaka inayeyuka ghafla kwenye nyuzi 660, na utalia. Sisi tunatumia sabuni. Chukua sabuni ya mche, isugue kavu kuzunguka shimo, halafu pitisha tochi ya gesi kwa mbali, ukizungusha. Sabuni itageuka rangi ya kahawa, kisha nyeusi. Ikifika kahawa nzito kuelekea nyeusi, acha. Bati limeshalainika, mwagia maji, osha. Litapinda kama ngozi.

Gonga kwa nyundo ya mti, pole pole, ukizunguka yai zima, kila mzunguko ukiinamisha mdomo kidogo tu. Sikiliza sauti. Bati laini linatoa sauti iliyofifia, na likianza kulia kama kengele, limekuwa gumu tena: rudia sabuni na moto. Shimo la yai linataka kulainishwa mara 2 au 3. Na kabla ya yote ukingo uliokatwa uusugue kwa msasa kufuata urefu wake mpaka uteleze, kwa sababu mpasuko huanzia kwenye alama ndogo ya tupa.

Ubavu ulioutoboa usiutupe. Kata ukanda wenye mashimo, tengeneza kibao kipya cha mashimo 4, ukifunge kwa skrubu kutoka ndani. Ukiharibu, umeharibu kibao. Ukingo wa chini wa boneti ndiko utakakotia waya wa karai: kwa waya wa milimita 4, bati la kukunja liwe mara mbili na nusu ya waya, yaani 10. Hapo utaona boneti inavyokakamaa.

mwalimu_mwembeni

Fundi, asante sana. Nimetoka uani sasa hivi, nimepitisha kidole kwenye karai la kufulia mara tatu, na mke wangu ananitazama. Miaka yote nimelishika karai lile na sikuwahi kujiuliza kwa nini halikati.

Jaribio la boksi nimelifanya leo alasiri. Ulichosema ndicho kilichotokea. Mabomba yamekula boksi milimita 7 juu na chini, na 2 tu mbele na nyuma. Bomba la nne, la nyuma kabisa, limekula 9. Nadhani mpira wa injini upande ule umechoka, nitaubadilisha kwanza kisha nirudie.

Bado naomba msaada wa faiba, na wa namna ya kutoa ubavu.

faiba_ya_pwani, Mombasa

Mwalimu, mimi natengeneza na kukarabati boti za faiba, injini za ndani zenye ekzosi inayopenya ukuta wa boti, kwa hiyo shimo lako nalijua kwa harufu.

Hiyo rangi ya chai ni resini, ile gundi inayoshika nyuzi za faiba, iliyoungua. Usiipake kitu juu. Resini ya poliesta ya kawaida huanza kulegea kabla hata maji hayajachemka, na faiba iliyoungua haiponi. Ikate mpaka ufike mahali inapokwaruzika ngumu na kung'aa, bila harufu. Uzuri ni kwamba shimo lako lilikuwa dogo mno, kwa hiyo nyama unayo ya kukata.

Faiba haitaki tu bomba lisiiguse. Inataka hewa ipite kati yao. Mimi nafanya bomba ndani ya bomba. Katikati bomba lako la 51. Kulizunguka, mkono wa stenlesi nyembamba wa kama milimita 80, hauligusi bomba, umeshikiliwa na vibati 3 vilivyofungwa kwenye chesisi, siyo kwenye faiba. Kisha hewa tena. Kisha shingo ya faiba yenye kipenyo cha ndani 110. Juu kuwe wazi na chini kuwe wazi. Usije ukaziba mwanya kwa silikoni ili upendeze, kwa sababu joto linatoka humohumo, na mwanya ndio dawa yenyewe.

Kwa nini 110? Kwa sababu kalibu unayo tayari, bomba la plastiki la inchi 4 la maji taka. Kwa kuwa linapita kwa mshazari, shimo juu ya madigadi litakuwa yai refu. Wewe ni mwalimu, utalipigia hesabu kuliko mimi. Mimi ninakata kipande cha boksi, naweka, nakata tena.

(Hata hivyo mara hii hesabu nimeipiga ili wengine wasihangaike: ukiwa na pembe ya nyuzi 45, unagawanya 110 kwa saini ya 45, unapata 156. Yai la upana 110, urefu 156. Usishtuke. Juu ya madigadi yenye mgongo mrefu litapendeza kuliko tundu dogo linalobana.)

Kipande cha bomba la plastiki kivalishe selotepu pana ya kufungia maboksi, laini bila kunjo, maana resini haiishiki. Kipitishe kwenye shimo kwa pembe ileile ya bomba la moshi, ukikaze kwa udongo upande wa juu. Geuza madigadi. Sehemu ya chini kuzunguka shimo isugue kwa msasa namba 40 upana wa vidole vinne, mpaka uone nyuzi, ufute vumbi lote. Changanya resini na nyuzi zilizokatwakatwa iwe kama uji mzito, jaza kona yote kati ya plastiki na madigadi. Usiibanie kona hiyo, kwa sababu ndiyo utakayoiviringa baadaye. Juu yake weka mkeka wa nyuzi za faiba wa gramu 300, tabaka 3, zipande kwenye bomba la plastiki kiasi cha milimita 40 na zitambae kwenye madigadi kiasi hichohicho. Acha usiku mzima.

Ukitoa plastiki una shingo iliyoshikamana na madigadi. Kona ya juu ndipo utakapotia tupa ya nusu duara na msasa, uiviringe kama fundi wa Gerezani alivyosema, mviringo wa milimita 5 au 6. Ukipaka rangi, hata mimi sitajua ilianza kama tundu tupu.

Shingo yenyewe, kwa ndani, uivalishe bati jembamba la alumini linalong'aa. Na kama utapata resini ya vinilesta kwa shingo tu, itumie, inavumilia joto kuliko poliesta.

Neno moja la pwani. Stenlesi ikikaa juu ya alumini tupu na unyevu ukawepo, alumini inaliwa, inageuka unga mweupe. Kila skrubu ya stenlesi inayoingia kwenye ubavu wako ipakwe kitu kwanza, rangi au grisi nzito, na washa ya plastiki mahali pasipo na joto. Huko kwenu Morogoro chumvi haipo hewani, lakini mvua ipo.

dada_wa_spana, Coventry

Mwalimu, hongera. Mimi ni Mtanzania, ninaishi Coventry, Uingereza, na nilijenga gari dogo la viti 2 kwenye gereji ya nyumbani. Mabomba yangu nayo yanapita ubavuni. Hapa gari la kujitengenezea halipati namba mpaka lipite ukaguzi unaoitwa IVA, uliochukua nafasi ya SVA mwaka 2009. Haukuhusu, lakini vipimo vyake vilinifundisha kuona kingo, kwa hiyo nakupa.

Wanachukua tufe la kipenyo cha milimita 100, kama kichwa kidogo au goti. Kila ukingo wa nje unaoguswa na tufe hilo lazima uwe na mviringo usiopungua milimita 2.5. Mdomo wa bomba la moshi linalojitokeza nao unatazamwa. Kupima ni rahisi: biti ya keekee ya milimita 5 ina nusu kipenyo cha 2.5, iweke kando ya ukingo utazame kwa mwanga. Hiyo milimita 5 ya fundi bati inavuka kwa raha. Binti yako asingechanika.

Kelele pia. Wanapima nusu mita kutoka mdomo wa bomba, kwa pembe ya nyuzi 45, injini ikiwa robo tatu ya mizunguko inayotoa nguvu ya juu kabisa, na kisomeo kisipite desibeli 99. Mimi mara ya kwanza nilipata 102, nikarudi nyumbani kubadilisha sailensa.

Ubavu kutoka: kata kila bomba nje kidogo ya boneti, weka kiungo cha kuteleza, bomba kuingia ndani ya bomba milimita 50, likishikwa na springi 2. Bomba linalotoka kwenye injini liwe ndilo linaloingia ndani ya lile la mbele yake, moshi ufuate njia bila kukutana na mdomo. Siku ya kazi unatoa springi, unavuta mabomba ya nje, ubavu unatoka wenyewe. Viungo hivyo vinakusaidia na jambo jingine ambalo hakuna aliyelitaja: bomba linarefuka. Chuma cha kawaida cha mita 1.4 kikipanda joto nyuzi 350 kinarefuka karibu milimita 6, na stenlesi zaidi ya 8. Ukikibana pande zote mbili kitajitafutia njia, na njia rahisi ni kupasua mahali pa kuchomelea.

Lakini nina hofu moja na nataka uichukulie kwa uzito. Viungo vya kuteleza huvuja kidogo injini ikiwa baridi, na gari lako ni la wazi, abiria amekaa nyuma ya mabomba upande uleule. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Vibane vizuri, na mdomo wa mwisho wa bomba utokeze nje ya bodi kama milimita 40, nyuma ya mlango. Ukiishia usawa wa bodi, moshi unalamba rangi na kurudi ndani.

mama_wawili, Dodoma

Mwalimu, mimi si fundi. Nasoma tu kwa sababu mume wangu ana ugonjwa kama wako. Naomba useme kuhusu miguu. Hapa mtaani kwetu watoto wangapi wana lile kovu la mviringo kwenye muundi, la ekzosi ya bodaboda? Na lile ni bomba moja dogo. Wewe umeweka manne, usawa wa mapaja, upande ambao abiria anapandia. Mtoto atalisogelea gari hilo kwa sababu ni zuri.

fundi_bati_gerezani

Mama amesema kweli na mimi nilipaswa kusema. Mwalimu, weka kinga. Chukua bati lenye matundu matundu, lile la vichujio, likunje nusu duara kufuata mabomba, likae mbali na bomba milimita 15, kwenye vishikizo vidogo vya chuma. Kingo zake zitie waya. Hapo waya unakubali.

mwalimu_mwembeni

Ndugu zangu, wiki ya sita leo. Narudi na taarifa.

Mpira wa injini nimebadilisha. Nimerudia boksi, mabomba yote sasa yanakula 6 juu na chini, na mbele na nyuma hayali tena. Mayai yangu yakawa 58 kwa 70 kamili, kama mfano wa fundi, sijui ni bahati.

Kibao cha kwanza niliharibu. Sabuni niliiacha ikawa nyeusi kabisa kisha nikaendelea na moto kidogo, kona ikazama kama siagi. Kibao cha pili nilikifanya usiku, taa ikiwa imezimwa, binti yangu akishika tochi ya simu na kuitazama sabuni badala yangu. Yeye ndiye aliyekuwa akisema "baba, kahawa" na mimi naondoa moto. Mashimo ya 1, 2 na 4 yametoka vizuri kiasi kwamba nimekaa nayo sebuleni. Ukiyatazama kwa pembeni mwanga unateleza kuingia ndani, huoni bati linaishia wapi. Sauti ya bati kugeuka kengele niliisikia mzunguko wa tano wa nyundo, na nikasimama. Asante fundi, sikio hilo umenipa wewe.

Shingo ya faiba imekaa. Nilipoikata ile sehemu ya rangi ya chai ilitoka upana wa vidole viwili. Mkono wa stenlesi nilitengenezewa mtaani kutoka chupa kubwa ya chai iliyochakaa, kipenyo chake cha nje ni 84, nimeona si mbaya. Niliazima kipima joto cha kuelekeza, nikaendesha injini dakika 30 gari likiwa limesimama, feni ya mbele ikizunguka. Bomba mahali linapopenya madigadi lilikuwa nyuzi 240. Mkono wa stenlesi 95. Ukingo wa faiba 52, na madigadi upande wa pili wa gari, lisilo na bomba, lilikuwa 44 kwa jua tu la saa 8 mchana. Hakuna harufu.

Viungo vya kuteleza vipo, springi nimezitoa kwenye ekzosi za pikipiki kuukuu. Ubavu unatoka kwa dakika 12 nikiwa peke yangu.

Mama wa Dodoma, kinga nimeanza kuikata jana, na upande wa abiria nimeuhamishia ngazi nyuma zaidi ya nilivyokuwa nimepanga. Umenikosesha usingizi siku mbili na nakushukuru.

Kilichobaki ni shimo la 3. Limepasuka upande wa chini, mpasuko wa milimita 4, palepale nilipoona alama ya tupa nikasema itafutika. Nimekwisha kata kibao cha tatu. Mninga upo, sabuni ipo, na Jumamosi binti hana shule.